Mgongo unauma kila jioni? Dawa siyo kukaa wima kama askari

Dereva wa bodaboda pale Kilombero, fundi cherehani wa Soko Kuu na karani wa ofisini mjini Arusha wanafanana kitu kimoja: wanakaa saa nyingi, mgongo umepinda, simu mkononi. Jioni kiuno kinagoma. Na kwa mtu wa bodaboda, kiuno kikigoma hesabu ya bosi haitimii.

Wengi huambiwa "kaa wima". Ukijaribu, dakika chache tu umechoka. Ni kawaida. Msuli ukishikilia mkao mmoja muda mrefu huchoka, hata kama mkao wenyewe ni mzuri.

Wahadzabe wanapumzikaje?

Mwaka 2020 David Raichlen wa Marekani na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa utafiti kuhusu Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, ukishapita Karatu. Waliwafunga vifaa vya kupima mwendo. Kumbe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa tu na watu wa mjini!

Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa na kupiga magoti mara nyingi, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Kwenye kiti, misuli hiyo karibu yote inalala. Utafiti ule ulilenga zaidi afya ya moyo, lakini somo lake linaufaa na mgongo: pumzika, ila usiuzime mwili.

Fanya hivi

1. Pumua kwa tumbo. Lala chali, kunja magoti, weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6. Mkono wa tumboni ndio upande. Rudia mara 5. Msuli wa kupumulia, yaani kiwambo, umeshikana na mbavu za chini na pingili za kiuno, na husaidiana na misuli ya tumbo kuutegemeza mgongo.

2. Chuchumaa. Shika nguzo au fremu ya mlango, shuka taratibu, kaa sekunde 30 huku unapumua. Mara 3. Goti likiuma, usishuke hadi chini.

3. Shuka kwenye pikipiki au kiti kila nusu saa. Simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma kidogo mara 5. Abiria hajaja? Tembea.

4. Inua simu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kadiri unavyokiinamisha, ndivyo shingo inavyobeba mzigo mkubwa. Leta simu usawa wa macho.

5. Panda mlima. Ukiwa Ilboru au Sekei, miteremko ya Meru ni gym ya bure. Panda polepole, ukihema sana punguza mwendo.

Anza kidogo, kila siku. Mkao mzuri ni ule unaobadilika.

Usisubiri nyumbani kama maumivu yameanza baada ya ajali, miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu, au umeshindwa kuzuia haja. Nenda hospitali siku hiyohiyo.