Wimbo ukikuganda kichwani, usipigane nao

Na MWANDISHI WETU

Msomaji mpenzi, je, umewahi kuamka alfajiri ukakuta wimbo umekutangulia kuamka? Hujanawa uso, hujafungua redio, na tayari kichwani mwako kuna mtu anaimba. Wala si wimbo mzima. Ni kipande tu, pengine kiitikio cha maneno manne, kinachozunguka na kurudi, kinazunguka na kurudi. Unachemsha chai, kipo. Unapanga foleni ya matatu, kipo. Unamjibu mkubwa wako kazini kwa heshima zote, na bado kipo.

Wengi huliona jambo hili kuwa la kuchekesha. Mimi liliwahi kunitia aibu ambayo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Siku tulipomzika shangazi yangu nilikuwa nimesimama kando ya kaburi. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza, akina mama waliangua kilio, na kichwani mwangu mlikuwa na wimbo wa tangazo la sabuni ya kufulia. Wimbo wa furaha, wa kupigiwa makofi! Niliuma meno, nikasali. Kadiri nilivyoufukuza ndivyo ulivyozidi kupaza sauti. Nilirudi nyumbani nikijiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Sikujua kwamba tuko wengi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akifanya mtihani wa KCSE, alinisimulia yake. Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya Hisabati alipanda matatu yenye muziki wa kutetemesha madirisha. Alishuka wimbo ukiwa katikati, akaingia chumba cha mtihani, akafungua karatasi. Alisoma swali la kwanza mara tatu, na mara zote tatu, kabla ya kufika mwisho wa sentensi, kiitikio kilimpokonya maneno. Robo saa ikapita hivyo. Jioni alimwambia mamake kwamba pengine kuna mtu aliyemtupia kitu. Mama naye, badala ya kucheka, akaanza kuuliza majirani ni nani anayejua kuombea watu.

Hapo ndipo nilipoona afadhali niandike makala haya, kwa maana hakuna aliyemtupia kijana huyu kitu chochote.

Wajerumani wana jina la kitu hiki tangu zamani. Hukiita Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikioni, na Waingereza wakalitafsiri vivyo hivyo. Sisi husema tu kwamba wimbo umeninasa, au umeniganda kama kupe. Huko Ufini, mtafiti Lassi Liikkanen aliwauliza watu zaidi ya 12,000 kuhusu jambo hili. Zaidi ya 9 katika kila 10 walisema huwapata angalau mara moja kwa wiki. Ikiwa ni ugonjwa, basi dunia nzima imelazwa.

Basi wimbo huo huimbwa na nani? Unaimbwa na ubongo wako mwenyewe. Mnamo mwaka wa 2005 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwachezea watu nyimbo huku wakipiga picha za bongo zao kwa mashine. Katikati ya wimbo walikuwa wakikata sauti kwa sekunde chache. Nyimbo zilipokuwa zile ambazo watu hao walizijua, sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti haikunyamaza. Iliendelea na kazi kana kwamba muziki ungali unalia, bila mwenyewe kuamrishwa aimbe. Ukitaka kuthibitisha, keti na watoto wako, uimbe nusu ya mstari wa wimbo wanaoupenda kisha unyamaze ghafla. Utaona midomo yao inavyochezacheza.

Kwa nini wimbo huu na si ule? Mnamo mwaka wa 2016, Kelly Jakubowski wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 3,000. Waligundua kwamba nyimbo zinazoganda huwa na mwendo wa haraka kidogo, na sauti yake hupanda na kushuka kwa njia nyepesi, kama nyimbo za watoto wa chekechea. Lakini humo ndani huwa kuna mruko fulani wa sauti usioutarajia, au noti inayorudiwa mara nyingi kuliko kawaida. Wepesi unakuvuta mlangoni, halafu lile jambo geni linafunga mlango kwa nyuma.

Maneno si lazima uyaelewe. Wakenya wangapi, wasiojua hata neno moja la Kitaita, wameimba Charonyi ni Wasi ya Maroon Commandos tangu miaka ya 1970? Na wenye biashara wamelijua siri hiyo kabla ya wataalamu. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kutaja jina la mtaa wake atakuimbia tangazo la mafuta ya kupikia kutoka mwanzo hadi mwisho. (Nakiri kwamba hasira yangu kwa watunzi wa matangazo haijaisha. Wamekaa kichwani mwangu miaka yote hii bila kulipa kodi.)

Halafu kuna suala la kukatizwa. Mnamo mwaka wa 1927 mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko ile waliyoimaliza. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakuafikiana naye wote, lakini kwa nyimbo wengi wetu tunaijua hali hiyo. Unashuka kwenye stejini, makanga anagonga bodi, matatu inaondoka na nusu ya pili ya wimbo. Nusu uliyobaki nayo inazunguka ikitafuta mwisho wake.

Mara nyingine kinachouita wimbo ni kumbukumbu: sura ya mtu, harufu, neno moja tu. Miezi kadhaa baada ya mazishi yale nilikuwa nikifua nguo kwenye karai uani, ndipo nikamkumbuka shangazi akiwa katika hali hiyohiyo, kanga kiunoni, akiimba lile tangazo la sabuni wakati redio ya jirani ilipolicheza. Alikuwa akiliimba kila Jumamosi, na kwa sauti mbaya kweli. Yaani siku ile kaburini sikuwa nimemsahau hata kidogo.

Sasa, msomaji, ufanye nini ukigandwa? Kosa ambalo karibu sote tunalifanya ni kupigana. Mnamo mwaka wa 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia Mmarekani, aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe. Walimfikiria tena na tena, na walipopewa ruhusa baadaye, dubu akawajia zaidi. Sisi huku hatuna dubu, lakini jaribu kutomfikiria twiga mwenye miwani kwa dakika moja uone. Vivyo hivyo, wimbo unaoamriwa utoke hugeuka na kuuliza, “Umesema nini?”

Njia ambayo wengi huitumia ni kuusikiliza wimbo wenyewe mpaka mwisho, au kuuimba wote kimoyomoyo. Wengine huleta wimbo mwingine uufukuze wa kwanza. Waingereza walipoulizwa ni upi, uliotajwa zaidi ulikuwa wimbo wao wa taifa. Hapa kwetu sina hakika kama ungefaa, kwani sauti ya wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na nyimbo za kubembeleza hukaa sana.

Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha kwamba kutafuna chingamu hupunguza wimbo wa kichwani, kwa kuwa taya na ulimi tunaotumia kutafuna ndio pia tunaotumia kuimba kimya kimya. (Wanafunzi, msiniponze. Msimamizi wa mtihani hatasikia habari za Reading.) Kazi ya kushughulisha akili nayo husaidia, mathalani fumbo la maneno gazetini. Lakini isiwe nyepesi mno wala ngumu mno. Ikiwa nyepesi, akili hubaki na nafasi ya kuimba. Ikiwa ngumu, hukata tamaa na kurudia kiitikio, kama ilivyomtokea kijana wetu na Hisabati.

Lipo jambo moja lisilo la mzaha. Wimbo ulioganda, mwenyewe hujua uko kichwani. Anayesikia muziki kana kwamba unatoka nje, akauliza ni jirani gani aliyefungua redio ilhali hakuna redio, huyo apelekwe kwa daktari. Huwapata hasa wazee ambao masikio yao yamepungua nguvu. Ubongo uliozoea sauti ukizikosa huweza kujitengenezea zake. Nyanya akisema anasikia kwaya usiku, usikimbilie kusema amerukwa na akili au amerogwa. Mpeleke akapimwe masikio kwanza. Vilevile, ambaye wimbo umemnyima usingizi kwa majuma asione haya kumwona daktari.

Kijana wetu nilimweleza haya yote tukiwa tumeketi kibarazani kwao, mamake akisikiliza kwa mbali akijifanya anachambua mchele. Nilimshauri ausikilize ule wimbo usiku huo mpaka mwisho, mara moja tu, kisha azime redio na kulala. Shule yao ni mwendo wa dakika arubaini hivi kutoka mtaani. Kwa karatasi ya pili ya Hisabati alikwenda kwa miguu.