Maradhi ya Umio

Kila tonge tumezalo hupita katika umio, yaani bomba la nyama liendalo kutoka kooni hadi tumboni, lenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Kwetu Bariadi, mtu akianza kukwamwa na ugali, na baadaye hata uji, wengi husema karogwa. Ikiwa baba yake naye alikufa hivyo, ukoo mzima hutiliwa shaka, na fedha za pamba huishia kwa mganga.

Umio waweza kuvimba na kuwasha kwa sababu nyingi. Mojawapo ni asidi ipandayo kutoka tumboni. Nyingine ni mzio: maziwa, ngano au mayai humdhuru mtu, na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili hujazana katika utando wa umio. Maradhi hayo, ambayo madaktari waliyapambanua mwaka 1993, huwapata wanaume kama mara tatu kuliko wanawake. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani waliona kwamba jeni iitwayo TSLP, katika kromosomu ya 5, huongeza hatari. Jeni ya kipokezi chake imo katika kromosomu X na Y, nayo ilionekana kuhusika kwa wanaume tu.

Je, ni urithi peke yake? Hasha. Mwaka 2014 ilionekana kwamba pacha wasiofanana huugua pamoja mara nyingi zaidi kuliko ndugu wa kawaida, ingawa kiasi cha urithi wao ni kile kile. Basi mambo wayapatayo pamoja tangu utotoni yana nguvu sana.

Afrika Mashariki tunaogopa zaidi saratani ya umio. Duniani, katika kila wagonjwa kumi, saba hivi ni wanaume. Sigara na pombe ni sababu kubwa. Tena mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema kwamba vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65 yamkini huleta saratani hiyo. Mtoto hupata jeni za baba yake, na pia hunywa chai ya moto kama anywavyo baba. Wazee wetu husifu chai inayounguza. Mimi naona heri ingojewe kidogo.

Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari hutazama ndani ya umio kwa mrija wenye taa. Mgonjwa akienda wakati ugali ndio kwanza unakwama, yako mengi ya kufanywa. Akingoja hadi maji yasipite, mara nyingi huwa amechelewa.