Je, Wajua? Rekodi ya Olimpiki Iliyodumu Dakika Chache

Kijana wa Goma anayejifunza kuogelea Ziwa Kivu yuko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, penye hewa nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Mamba hawamo ziwani humo. Cha kuogopwa ni mazuku, gesi nzito ya kabonidioksaidi inayotuama kwenye vibonde vya ufukweni, ambayo imewahi kuua waogeleaji. Wenyeji huonya kuihusu mapema, na wanafanya vyema.

Kijana kama huyo ana mfano wa kuigwa, kwani Afrika Mashariki ina muogeleaji aliyepitia timu ya chuo kikuu: Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliyeogelea kwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Beijing, mwaka 2008, kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14: rekodi mpya ya Olimpiki! Furaha haikukaa. Dakika chache baadaye Milorad Čavić wa Serbia akaivunja kwa 50.76. Dunford alimaliza wa tano katika fainali, na mwaka 2010 akatwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi.

Na je, wamjua muogeleaji mwingine wa Afrika aliyevuma Olimpiki, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta? Sydney, mwaka 2000, wapinzani wake wawili waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake na kushinda mchujo kwa dakika 1:52.72.

Dunford naye baadaye aligeukia muziki, akijiita Samaki Mkuu.