Mafuta ya Angani na Uwanja wa Ghuba ya Manda

Kujaza mafuta angani ni kazi inayozitaka ndege mbili kuruka kwa mwendo mmoja zikiwa zimekaribiana mno, moja ikiwa na shehena ya mafuta na nyingine ikiyapokea bila kutua. Katika njia ya kwanza, ndege ya mafuta huteremsha mpira mrefu wenye kitu mfano wa kikapu nchani, na rubani wa ndege ya kivita hulenga humo mdomo wa bomba lake. Katika ya pili, inayopendelewa na jeshi la anga la Marekani, bomba gumu lenye vibawa huongozwa na mtaalamu aliyemo ndani ya ndege ya mafuta, nalo hupitisha mafuta upesi zaidi. Njia ya mpira iliendelezwa na kampuni iliyoasisiwa mwaka 1934 na Mwingereza Alan Cobham, ambaye mwaka 1926 alikuwa amefika Cape Town kutoka London akitua kituo baada ya kituo barani Afrika.

Kenya haina ndege ya mafuta. Ndege zake za kivita aina ya F-5 zina makao Laikipia, takriban kilomita 600 kutoka mji wa Kismayu nchini Somalia, na safari ikirefuka hufungiwa matangi ya ziada ambayo huzielemea na kuchukua nafasi ya silaha. Ndiyo maana uwanja ulio karibu na mpaka wa Somalia una thamani kubwa, na ule wa Ghuba ya Manda, huko Lamu, ambao si ule wa abiria wa kisiwani Manda bali uko bara, Magogoni, katika kambi ya jeshi la majini, haufiki kilomita 300 kutoka Kismayu.

Ila mafuta ya ardhini hayahami. Alfajiri ya Januari 5, 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka Somalia waliushambulia uwanja huo unaotumiwa pia na Wamarekani, wakawaua Wamarekani watatu na kuteketeza au kuharibu ndege sita, zikiwemo za upelelezi. Hata hivyo, ndege ya mafuta isingeiondoa hatari hiyo, kwa sababu KC-135 ya Marekani, yenye uwezo wa kubeba tani zipatazo 90 za mafuta, nayo huhitaji njia ndefu ya kurukia, maghala na walinzi. Kinachobadilika ni kwamba vyote hivyo vyaweza kuwekwa mbali na adui, na mbali na majirani kama wavuvi na manahodha wanaopita mlango wa bahari wa Mkanda kwenda Pate na Faza.