Hashtegi: Mteja Anakutafuta, Msaidie Akuone



Kuna swali linakuja sana inboksi: "Admin, hivi zile hashtegi zinasaidia kweli au tunajaza tu kapsheni?" Leo nalijibu kwa kirefu, maana naona watu wanapoteza bando na muda, na wengine wananunua hadi "orodha ya hashtegi za kupata wateja" kwa hela ambayo ingetosha kuongeza mzigo.

Jibu fupi: zinasaidia, ila sio kwa namna wengi wanavyodhani.

Hashtegi ni nini hasa?

Hashtegi, au alama ya reli kama wengine wanavyoiita, ni kibao. Ukienda sokoni unakuta upande wa mitumba, upande wa vyombo, upande wa nafaka. Mteja anayetaka sufuria hapotezi muda kwenye mchele. Mtu wa kwanza kupendekeza alama hii itumike Twitter kukusanya mazungumzo ya jambo moja alikuwa Chris Messina, Mmarekani, mwezi Agosti 2007. Instagram wakaanza kuitumia 2011, Facebook wakafuata 2013.

Kwa hiyo kazi yake tangu mwanzo ni kupanga. Kibao kinasema kilichopo hapa ni nini. Hakimvuti mtu ambaye hana shida na bidhaa yako. Hata mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, ameshasema hadharani kwamba hashtegi hazikuongezei watazamaji kwa kiasi kikubwa. Mtu akikuuzia hashtegi za "kulipua akaunti", ujue anakuuzia upepo.

Sasa tukishajua ni kibao, tukiandike vizuri.

1. Andika jina analotumia mteja, sio unalolipenda wewe

Kiswahili chetu kina utajiri, na utajiri huo unatuponza mtandaoni. Chukua kanga. Bara na Zanzibar tunasema kanga, wengine wanaandika khanga, ukivuka Mombasa ni leso. Lakini leso hapa Dar ni kitambaa cha mfukoni! Ukiweka #leso ukitegemea mteja wa Dodoma, umemkosa. Ukiweka #kanga peke yake ukitegemea wa Mombasa, naye umemkosa. Kama unatuma mzigo pande zote mbili, weka yote mawili.

Hali ni hiyo hiyo kwa ndala, malapa na kandambili. Mkoba, pochi, begi. Kabla hujapost, rudi kwenye meseji za wateja wako uone wao waliitaje bidhaa walipoulizia. Neno walilotumia ndilo la kuandika.

2. Hashtegi haijui umoja na wingi

Hili wengi hawalijui. Sisi tukisikia gauni na magauni tunajua ni kitu kile kile. Mashine inaona maneno mawili tofauti. #gauni ina ukurasa wake, #magauni ina wake. Shati na mashati vivyo hivyo, kiatu na viatu, dera na madera.

Fungua sehemu ya kutafuta, andika neno lako kwa umoja, kisha kwa wingi. Mtandao utakuonyesha kila moja ina posti ngapi. Fungua kurasa zote mbili, tazama wauzaji na wateja wako wapi zaidi, kaa hapo. Ni kazi ya dakika tano.

3. Nafasi na alama zinakata hashtegi

Ukiandika #sare za shule, hashtegi ni #sare tu. Hayo mengine ni maneno ya kawaida. Inabidi uunganishe: #sarezashule.

Ukitaka isomeke vizuri, anza kila neno kwa herufi kubwa: #SareZaShule. Herufi kubwa au ndogo, ukurasa ni ule ule, ila macho ya mteja yanapumzika.

Na wale wenzangu wa bidhaa zenye ng', sikilizeni. Ile alama ya juu inakata hashtegi. Ukiandika #ving'amuzi, mtandao unasoma #ving. Hakuna mteja anayetafuta "ving". Andika #vingamuzi bila ile alama. Mwalimu wa Kiswahili atununie kidogo, lakini mzigo utoke. Kistari nacho kinakata hivyo hivyo.

4. Fungua kibao kabla hujakitumia

Unauza jezi, unaweka #simba. Sasa fungua huo ukurasa. Utakuta simba wa mbugani, watalii, katuni, na watu wenye jina hilo. Jezi yako imo humo kama sindano kwenye gunia la pumba. #simbasc au #jezizasimba inakupeleka kwa shabiki mwenyewe.

Kanuni yangu ni rahisi: nafungua hashtegi, natazama posti tisa za kwanza. Kama picha ya bidhaa yangu ikikaa katikati yake haitashangaza mtu, natumia. Kama itaonekana imepotea njia, naiacha.

Na hapa niseme wazi: tuache kudandia hashtegi za misiba. Mtu maarufu akifariki, jina lake linashika mtandao mzima, halafu katikati ya rambirambi unakuta picha ya viatu na "bei ya ofa". Watu wanaona, watu wanakumbuka. Jina la duka ni mtaji, usiliuze kwa siku moja ya kuonekana.

5. Changanya aina nne

Tuchukue mfano wa muuza sare za shule Dodoma. Huyu ana msimu mfupi. Shule zinafunguliwa Januari, wazazi wananunua Desemba mwishoni na wiki za mwanzo za Januari. Asipoonekana siku hizo, mtaji wake unalala kwenye magunia, na kodi ya fremu haisubiri mzigo utoke. Yeye hawezi kupoteza hata posti moja. Nitamshauri hivi:

– Bidhaa: #SareZaShule
– Bidhaa na mahali: #SareZaShuleDodoma
– Hitaji la mteja: #MaandaliziYaShule
– Jina la duka lake, moja tu, asilibadilishe

Ya kwanza ni pana, ina ushindani. Ya pili ni nyembamba, wachache wanaipita, lakini anayeipita ana mtoto, ana hela mkononi, na yuko Dodoma. Ya tatu inamkamata mzazi ambaye bado anapanga. Ya nne inamsaidia mteja wa zamani aione bidhaa yote mahali pamoja, ukiwemo ushahidi wa picha za waliokwisha kununua.

Wengi tunakimbilia pana kwa sababu namba ni kubwa. Kumbuka, ukurasa wenye posti milioni unakuzika ndani ya muda mfupi. Ukurasa mdogo unakuweka juu siku kadhaa.

6. Chache zinatosha

Kwa miaka mingi Instagram iliruhusu hadi hashtegi 30 kwa posti moja, ndio maana tukazoea kumwaga. Lakini mwaka 2021 Instagram wenyewe walishauri tatu hadi tano. Ukiweka nyingi zisizohusiana unauchanganya mtandao, haujui wewe unauza nini, na mteja naye anaona fujo.

Pia usinakili kifurushi kile kile kila posti. Leo unauza sketi, kesho soksi, hashtegi ya soksi iwe ya soksi.

7. Kapsheni ndiyo kazi kubwa

Siku hizi watu wanatafuta kwa maneno ya kawaida. Mtu anaandika "sare za shule dodoma" bila alama yoyote, na mtandao unasoma kapsheni na jina la akaunti. Tena tangu Julai 2025, posti za akaunti za biashara zilizo wazi Instagram zinaweza kutokea hata kwenye Google.

Linganisha kapsheni hizi mbili:

"Mzigo mpya umeingia wapendwa, njoo DM 🔥🔥"

"Sare za shule ya msingi, sketi na kaptula, saizi ya miaka 6 hadi 14. Tupo Dodoma mjini, mikoani tunatuma kwa basi. Bei ya rejareja na ya jumla ipo kwenye picha ya pili."

Ya kwanza hata uiwekee hashtegi hamsini, haina neno hata moja linalotafutwa na mzazi. Ya pili hata bila hashtegi inaweza kupatikana. Ukiiongezea zile nne za juu, umemaliza.

Na kwenye jina la akaunti, ongeza bidhaa na mji. Jina zuri la duka halitoshi kama halisemi unauza nini.

8. Kagua vitu viwili hivi

Kwanza, akaunti iwe wazi. Akaunti ikiwa imefungwa, posti zako hazionekani na wageni hata uweke hashtegi gani. Pili, hashtegi kwenye status ya WhatsApp hazikuletei mteja mpya, kwa sababu wanaoiona ni wenye namba yako tu. Huko andika bei na maelezo, inatosha.

Utajuaje inafanya kazi?

Badilisha akaunti iwe ya biashara, ni bure. Ukifungua takwimu za posti utaona wangapi waliokuona sio wafuasi wako. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia, maana mfuasi angekuona hata hivyo.

Halafu tumia njia ya kizamani: kila mteja mpya muulize, "Samahani, umetupataje?" Andika kwenye daftari. Rafiki, tangazo la kulipia, alitafuta mwenyewe. Baada ya mwezi utajua hela na nguvu zako uziweke wapi. Likes hazilipi kodi, daftari ndilo linasema ukweli.

Kazi ya leo jioni

Chukua posti tatu za bidhaa zinazotoka zaidi. Usifute, zihariri. Andika kwenye kapsheni jina la bidhaa, saizi, mji na namna ya kutuma. Toa hashtegi zote za zamani, weka nne: bidhaa, bidhaa na mji, hitaji, jina la duka. Posti zote mpya kuanzia kesho ziende hivyo hivyo kwa wiki nne, kisha linganisha na daftari lako.

Mteja yupo, tena anatafuta usiku huu akiwa kitandani na simu yake. Akiandika jina la bidhaa yako, akukute.

Mtumie na mwenzako mwenye mzigo uliolala. Biashara njema.