Kulungu Wakati wa Joto: Joto Linaloozesha Nyama Limo Ndani ya Mzoga

Katika nyanda za chini za South Carolina, kusini mashariki mwa Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwenye ardhi ya watu binafsi hufunguliwa tarehe 15 Agosti. Wakati huo joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi, hewa imejaa unyevu na nzi wametanda kila mahali. Huko Texas, jimbo lenye kulungu wa mkia mweupe wengi kuliko jimbo jingine lolote, wanaowinda kwa upinde huanza mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na bado jua huwa linachoma. Ile picha ya mwindaji aliyejifunika koti zito akikanyaga theluji haiwahusu watu hawa.

Makala haya yanamlenga msomaji anayeishi huko, au mwenye ndugu huko. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, zimehamia Texas, Kentucky, Idaho na kwingineko, na mtu mzima anayekidhi masharti ya jimbo anaweza kukata leseni ya kuwinda. Lakini kanuni nitakazozieleza ni zilezile kwa mwenye kibali cha kuwinda swala Tanzania mwezi wa Oktoba, au kwa mchinjaji wa mbuzi shambani mbali na umeme.

Nyama inapoharibika, wengi hulaumu jua. Jua lina sehemu yake, ila anayepaswa kulaumiwa kwanza ni joto ambalo mnyama alikuwa nalo akiwa hai. Kazi yote ya saa za mwanzo ni kulifungulia njia litoke. Mwenye kulielewa hilo huokoa nyama hata nje kukiwa na nyuzi 32. Asiyelielewa huipoteza hata kwenye nyuzi 15.

Joto linakaa wapi?

Mwili wa kulungu hai una joto la nyuzi 38 hadi 39. Moyo ukisimama, damu iliyokuwa ikilichukua joto ndani na kulipeleka kwenye ngozi nayo husimama. Manyoya, yaliyoumbwa kumkinga mnyama na baridi, sasa yanafungia joto lote ndani. Isitoshe, kulungu ni mcheuaji kama ng'ombe na mbuzi. Vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa haviachi kazi kwa sababu mwenye tumbo amekufa. Vinaendelea kuchachusha majani, kutoa gesi na kuongeza joto. Ndiyo sababu mzoga usiopasuliwa huanza kuvimba baada ya muda mfupi.

Wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani huhesabu joto la kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 kuwa eneo la hatari. Katika mazingira yanayowapendeza, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Mmoja tu aliyeingia kwa kisu kichafu anaweza kuwa na uzao wa zaidi ya 4,000 baada ya saa nne.

Mahali pa kuogopwa zaidi ni kwenye paja, pale mfupa unapoungana na nyonga. Muda wa nyama kupoa hauendi sambamba na unene wake: unene ukiongezeka mara mbili, muda unaohitajika kupooza katikati yake huongezeka karibu mara nne. Paja zima lenye ngozi linaweza kupoa kwa nje huku ndani kabisa likibaki na joto la mwili kwa saa nyingi. Pale ndani hakuna hewa, na wapo bakteria wanaostawi pasipo oksijeni. Hivyo mtu huona nyama nyekundu inayovutia, na kisu kikifika mfupani hukutana na harufu ya kuchacha na rangi ya kijivu inayoelekea kijani.

Nyama huanza kutunzwa kabla ya kufyatua

Misuli ya mnyama aliyetulia huwa na akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Baada ya kifo, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Ukali huo mdogo wa asidi huwapunguza bakteria kasi. Mnyama aliyekimbizwa, au aliyejeruhiwa akahangaika muda mrefu kabla ya kufa, huwa amekwisha kuitumia akiba hiyo. Nyama yake hubaki na pH ya juu, huwa nyeusi na ya kunata, na huharibika mapema. Kwa hiyo kulenga vizuri mapafu na moyo ni huruma kwa mnyama, na papo hapo ni hatua ya kwanza ya kuhifadhi nyama.

Risasi au mshale ukipiga tumbo, mambo huwa magumu zaidi. Wenye pinde hufundishwa kusubiri saa kadhaa kabla ya kumfuata kulungu aliyepigwa tumboni, kwa kuwa akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali. Katika majira ya baridi ushauri huo hauna gharama kubwa. Agosti, mnyama aliyepigwa saa kumi na mbili jioni na kupatikana alfajiri huenda akawa ameshaoza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na hapa inaweza kuyaumiza kwelikweli. Dawa yake ni kutofyatua kama pembe ya kulenga si nzuri au kama kiza kinaingia. Katika majira ya joto, windo la asubuhi lina mwanga mrefu wa kutafutia mzoga, ingawa mchana mkali unakuja. Windo la jioni lina usiku wa kupoozea, lakini mnyama akipotea gizani huo usiku haukusaidii kitu.

Saa ya kwanza

Ukishahakikisha mnyama amekufa, na umefunga kitambulisho cha windo kama sheria ya jimbo inavyotaka, usikae ukipiga picha. Mburute kivulini, kisha mpasue tumbo. Elekeza makali ya kisu juu, uweke vidole viwili chini ya ncha ili usitoboe matumbo wala kibofu. Zungushia kisu njia ya haja kubwa na kuifunga kwa kamba. Kata kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kisha toa kila kitu pamoja na koromeo lote hadi shingoni, kwa maana kipande cha koromeo kilichobaki huvunda upesi. Mwaga damu yote iliyokusanyika kifuani. Mwislamu aliyetaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, akimkuta mnyama bado yu hai, atamchinja kabla ya hatua hizi zote.

Kinyesi au majani ya tumboni yakigusa nyama, ikate sehemu hiyo na kuitupa. Kumwagia mzoga wote ndoo ya maji huutawanya uchafu na kuacha unyevu ambao bakteria wanaupenda. Kama ni lazima kuosha, tumia maji safi kidogo, kisha kausha kabisa kwa kitambaa.

Baada ya hapo chuna. Wakati wa baridi wengi huacha ngozi ili nyama isikauke. Wakati wa joto ngozi itoke mara moja. Tenga mabega na mapaja, toa sarara na nyama ya mgongo. Kama gari liko mbali, pasua paja kwa kufuata mfupa na kuutoa mfupa wenyewe, hewa ifike pale palipokuwa pakificha joto. Jambo hili lina gharama yake: msuli ukikatwa kwenye mfupa kabla ya kukakamaa, au ukipozwa kwa barafu mapema mno, hujikunja na kuwa mgumu mdomoni. Lakini joto likiwa nyuzi 30, chagua usalama. Nyama ngumu hulainishwa kwa moto mdogo wa muda mrefu. Nyama iliyooza haina dawa. Tena usijidanganye kwamba kuchemsha kutasafisha kila kitu, kwa kuwa sumu inayotolewa na baadhi ya bakteria, kama ile ya stafilokoka, hustahimili kuchemshwa.

Hewa, kitambaa na nzi

Vipande vya nyama visirundikwe wala kutiwa kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na moto. Plastiki hufungia joto na jasho la nyama, ikafanya kazi ileile ya ngozi uliyoiondoa. Tumia mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, utundike kila kipande peke yake kivulini, mahali penye upepo. Baada ya muda uso wa nyama hufanya ukoko mkavu. Ukoko huo huwazuia bakteria, na nzi hawaupendi kwa kuwa hutaga kwenye unyevu: kwenye majeraha, mikunjo na damu mbichi. Nzi wa kijani hufika dakika chache baada ya kifo, na katika joto mayai yao huweza kuanguliwa kabla ya siku moja kupita. Wawindaji wengi hunyunyiza asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji ili kuukausha uso wa nyama na kuufanya mchachu. Husaidia, mradi usiitegemee kuchukua nafasi ya baridi.

Kutundika kunafaa pale ambapo hewa ni kavu na usiku una baridi, kama milimani Colorado mwezi Septemba. Maji yanayokauka kwenye uso wa nyama hubeba joto na kuondoka nalo. Pwani ya South Carolina hewa imeshiba unyevu, maji hayakauki, na usiku huweza kubaki na zaidi ya nyuzi 20. Huko kutundika ni kwa dakika chache tu, wakati unaandaa barafu.

Hesabu ya barafu

Watu wengi hununua barafu kidogo mno. Tuchukue kilo 20 za nyama isiyo na mifupa, kiasi cha kawaida kwa kulungu mmoja wa kusini. Kushusha joto lake kutoka nyuzi 38 hadi 4 kunahitaji kuondoa karibu kilojuli 2,400. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza kilojuli 334. Hivyo, kwa hesabu tupu, zinahitajika kilo 7 hivi. Lakini kasha la kutunzia baridi utakamotia nyama nalo huwa na joto lake, litafunguliwa mara kwa mara, na nje kunachoma. Beba kilo 15 hadi 20, na uliache kasha na barafu kidogo ndani tangu usiku uliotangulia ili lipoe.

Panga barafu chini, nyama katikati, barafu juu, na uache nafasi kati ya vipande. Nyama isiogelee: maji ya barafu iliyoyeyuka huifyonza rangi na ladha, tena hueneza bakteria kutoka kipande kimoja hadi kingine. Fungua kizibo cha kasha na kuliinamisha kidogo ili maji yatoke, au tumia chupa za maji yaliyogandishwa. Anayetumia barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ajue kwamba ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri: inaunguza ngozi, na mvuke wake unaweza kumkosesha pumzi dereva ndani ya gari lililofungwa vioo.

Kukausha, na ugonjwa usioonekana

Kukausha nyama ni maarifa ya zamani. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hukata nyama vipande vidogo, huikausha, huikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta, ikawa nyirinyiri ya kukaa muda mrefu. Moto ndio unaofanya tofauti hapo. Mwaka 1995 jimboni Oregon watu 11 waliugua kutokana na bakteria wa E. coli O157 waliokuwa kwenye nyama kavu ya kulungu. Ushauri wa wataalamu ni kuipasha nyama hadi nyuzi 71 kabla ya kuikausha, kwa kuwa bakteria aliyekaushwa taratibu kwa joto dogo huzoea na kustahimili.

Lipo na jambo ambalo barafu wala moto haviliwezi. Kulungu wa Amerika Kaskazini hupata ugonjwa wa kukonda wa kudumu, ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Husababishwa na prioni, protini zilizopinda, ambazo haziharibiwi kwa kupika wala kugandisha. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini mamlaka ya afya ya Marekani inashauri mnyama apimwe katika maeneo yenye ugonjwa, na asiliwe akionekana kuwa nao. Majimbo mengi yamekataza kusafirisha ubongo na uti wa mgongo kutoka maeneo hayo. Kwa hiyo kutoa mifupa kunakupoozea nyama na kukurahisishia kutii sheria. Soma tu kanuni za jimbo lako kwanza, maana baadhi hudai kiungo kinachothibitisha jinsia ya mnyama kibaki kimeshikamana na nyama mpaka ufike nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, hesabu vitu vinne: kisu kikali, mifuko ya kitambaa, barafu ya kutosha garini, na mwanga wa kutosha kumtafuta na kumchuna mnyama. Kimoja kikikosekana siku ya joto, muache kulungu apite. Kumuua mnyama kisha kuwaachia nzi hakustahili kuitwa uwindaji.