Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwingine

Mgeni afikaye Mombasa hushangaa kumsikia mtu akisema, "Nyumba hii ni yangu, lakini ardhi si yangu." Sababu yake ni hii. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe milki zao. Waliopata hati ndio waliotambuliwa kuwa wenye ardhi. Bandari ya Kilindini ilipokua, wafanya kazi wengi walihitaji makao. Basi watu walikodi viwanja Majengo, wakajenga nyumba za miti na udongo, wakalipa kodi ya kiwanja. Mwenye nyumba aweza kuipangisha au kuiuza. Lakini mwenye ardhi akikitaka kiwanja chake, nyumba yaweza kubomolewa. Kwa hiyo, kabla hujanunua nyumba, uliza kwanza: ardhi ni ya nani?